Asmini yaota majani tu, mwaka wa tatu, tumba hata moja hakuna. Tatizo ni nini?

#1 Bi_Rehani, Kibokoni, Mombasa
Assalaam alaikum wanabustani. Naulizia asmini, ile ya tabaka nyingi kama alivyoiita muuzaji. Una miaka mitatu, umefika kimo cha mtu, majani ni kijani kilichokolea, hayana doa wala kitobo. Tumba hata moja halijatoka. Uko kwenye ndoo ya rangi ya lita 20, uani, umeegemea ukuta wa magharibi. Udongo ni mwekundu kwa samadi ya kuku, nusu kwa nusu. Kila mwezi napatia kijiko cha urea. Maji ni ya kisima. Jirani asema huo ni mti dume, hautachanua maisha. Harusi ya nyumbani ni katikati ya Desemba na vikuba, vile vishada vya maua ya kunukia, vyataka asmini. Sasa ni Septemba. Naomba sababu na dawa yake.

#2 FundiMiche, Kisauni
Wa alaikum salaam dada. Jibu liko ndani ya swali lako: urea. Urea ni naitrojeni asilimia 46, na samadi ya kuku ndiyo kali kuliko samadi zote za mifugo wetu. Ukiupa mti naitrojeni mfululizo wautuma kwenye majani na matawi marefu. Kwa nini uchanue na kila mwezi waambiwa ukue?

Fanya hivi:
- Simamisha urea leo.
- Kwangua udongo wa juu inchi mbili utupe, ujaze samadi ya ng'ombe iliyooza mpaka haina harufu. Isizidi robo ya udongo wote.
- Baada ya wiki tatu tia mbolea ya NPK 17-17-17 (naitrojeni, fosforasi na potasiamu sawasawa), kijiko kimoja cha chakula kwa ndoo ya lita 20, kila miezi miwili. Izungushe pembeni mwa ndoo, isiguse shina. Mwagilia kabla, mwagilia baada.

Usitie mbolea za CAN wala DAP kwa kudhani DAP ni ya maua. DAP ina naitrojeni 18 na fosforasi 46, potasiamu haina kabisa.

#3 KijaniTudor
Kaka FundiMiche, kila uzi jibu lako huanza na mbolea. Mbolea ni jambo la pili. Kibokoni nyumba zimebanana na kuta ni ndefu. Ua wa ghorofa mbili pande zote hupata jua saa ngapi kwa siku? Asmini yataka jua la moja kwa moja kwa muda wa saa sita kwa siku, likipungua sana muda wa saa nne. Kwenye kivuli hubaki hai miaka, majani makubwa na ya kijani sana, umbali kati ya kifundo na kifundo mrefu, na tumba halitoki. Hiyo ndiyo sura iliyoelezwa #1.

Bi_Rehani, weka ndoo ilipo, tazama saa 2, saa 4, saa 6, saa 8 na saa 10 za mchana, uandike jua au kivuli. Ukuta wa magharibi maana yake jua la alasiri yote limekatwa. Kama jua halifiki jumla ya saa nne kwa siku, pandisha ndoo darini, lakini kwa awamu: wiki ya kwanza asubuhi tu, ya pili mpaka adhuhuri, ya tatu siku nzima. Ukiitoa kivulini ukaiweka juani siku moja, majani huungua meupe.

#4 BabaMivinje, Bamburi
Nyote mnatibu kabla ya kumjua mgonjwa. Mti ule ni asmini kweli? Sokoni huuzwa mimea minne au mitano kwa jina hilo moja. Bi_Rehani, fanya vipimo hivi:

Vunja jani. Likitoa utomvu mweupe kama maziwa, hiyo si asmini. Yaweza kuwa Tabernaemontana, yenye maua meupe ya tabaka nyingi yanayofanana sana kwa mbali.

Tazama jani lenyewe. Asmini ya vikuba, Jasminum sambac, ina jani moja zima, pana, linang'aa, halikugawanyika. Ukiona jani limegawanyika vijani vitatu, hiyo ni Jasminum fluminense, asmini ya mwituni ya pwani yetu, ambayo hupanda kwenye ua na vichaka yenyewe. (Jina lake lina kisa: ulipewa jina la Rio de Janeiro kwa sababu mtaalamu aliyeuandika alidhani ni mmea wa Brazili, kumbe Wareno waliuhamisha kutoka Afrika.) Vijani vitano hadi saba, ncha zimechongoka, matumba ya waridi kwa nje: hiyo ni Jasminum polyanthum ya nchi za baridi. Hutaiona ikichanua Mombasa, kwa sababu hutunga matumba baada ya wiki kadhaa za usiku wenye ubaridi.

Ukilifinya jani likanuka kama jani la mndimu, una Murraya, mmea wa jamii ya mndimu.

Jambo la pili: sambac ya tabaka nyingi kabisa, ile ya kufumbata kama waridi dogo, iitwayo Grand Duke of Tuscany, hukua polepole sana, ngumu, fupi, na majani yake mara nyingi hukaa matatu matatu kwenye kifundo kimoja. Kimo cha mtu kwa miaka mitatu si tabia yake. Nashuku muuzaji alikupa aina nyingine.

#5 MwanaLikoni
Kuhusu mti dume: hakuna. Ua la asmini lina viungo vya kiume na vya kike ndani yake lenyewe, si kama mpapai. Zile za tabaka nyingi viungo vya kiume vimegeuka petali, ndiyo maana hazizai mbegu na huoteshwa kwa vipandikizi tu. Mti uliotokana na kipandikizi cha mti unaochanua una uwezo uleule wa kuchanua. Kwa hiyo usiukate kwa maneno ya jirani.

#6 Mama_Vikuba, Mji wa Kale
Mwanangu, haya yote ni kweli lakini hakuna aliyeuliza: umeukata lini mara ya mwisho? Asmini haichanui kwenye tawi la mwaka jana. Hutoa matumba kwenye ncha ya chipukizi jipya, matatu matatu, la kati hufunguka kwanza. Tawi likiachwa likae mita mbili halina chipukizi, litoe wapi tumba? Kimo cha mtu ndani ya ndoo ni ugonjwa wenyewe huo.

Ushike mkasi wa kupogolea uliofutwa kwa spiriti. Toa kwanza matawi makavu, membamba kama njiti ya kiberiti, na yanayopita katikati. Yaliyobaki matano au sita yakate kwa kimo cha magoti, sentimita 45 hadi 50 kutoka ardhini, nusu inchi juu ya kifundo, mkato uwe mshazari. Yachume majani yote yaliyobaki chini. Usiogope ukionekana kama fimbo. Ndani ya wiki mbili vichomozi hutoka, na vikifika jozi ya nne au ya tano ya majani matumba huanza. Kutoka mkato mpaka ua, wakati wa joto, ni wiki sita hadi nane.

Kila baada ya mchumo, kata ncha iliyochanua pamoja na jozi mbili za majani. Ukiacha vikonyo vikavu, mti hupumzika.

Na kuchuma: tumba likishakuwa jeupe kabisa, limejaa, halijafunguka, alasiri saa 10 au 11. Lile la kijani hafifu halitafunguka kwenye uzi. Yafunge kwenye kitambaa kilicholowa au jani la mgomba. Yatafunguka magharibi mpaka isha, na asubuhi yanaanza kugeuka kahawia.

#7 FundiMiche
Bi mkubwa, kukata nakubali, ila ukikata mti ambao ndoo imejaa urea, chipukizi litakalotoka litakuwa refu, laini, lisilo na tumba, na vidukari watalifuata. Asafishe udongo kwanza, ndipo akate.

#8 Mama_Vikuba
Asafishe na akate siku moja. Desemba haimngoji.

#9 ChumviNaMaji, Nyali
Maji ya kisima yametajwa #1 na hakuna aliyesimama hapo. Visima vingi vya kisiwani na vya Nyali na Bamburi viko ndani ya mwamba wa matumbawe. Maji matamu huelea juu ya maji ya bahari, na kadiri watu wanavyovuta ndivyo chumvi inavyopanda, hasa Januari hadi Machi wakati wa kaskazi. Asmini haivumilii chumvi. Kwenye ndoo ni mbaya zaidi, kwa sababu maji huvukizwa, chumvi hubaki, kila siku inaongezeka.

Dalili: ncha na ukingo wa majani ya zamani huwa kahawia kikavu, ukoko mweupe juu ya udongo na kwenye matundu ya ndoo. Kipimo kidogo cha TDS cha betri, kinachoonyesha kwa ppm chumvi na madini yaliyoyeyuka majini, kinatosha. Chini ya 500 mwagilia bila wasiwasi. Kati ya 500 na 1000 suuza ndoo kila mwezi. Zaidi ya 1000 tafuta maji mengine: ya mvua, au ya mfereji yakija.

Kusuuza si kumwagilia kwingi kidogo. Ndoo ya lita 20 yataka lita 40 za maji matamu, zipitishwe polepole mara tatu au nne kwa muda wa saa moja, zitoke zote chini. Matundu yawe matano au sita ya upana wa kidole. Ndoo isikae kwenye sahani, la sivyo maji ya chumvi hurudi juu.

#10 KijaniTudor
Lakini yeye amesema majani hayana doa. Chumvi ingeonekana ukingoni kabla ya miaka mitatu.

#11 ChumviNaMaji
Si lazima. Chumvi ya kiasi hudumaza matumba kabla haijachoma jani. Na masika ya Aprili mpaka Juni huisuuza ndoo iliyo wazi bila mwenyewe kujua, halafu chumvi inaanza upya.

#12 Bi_Rehani
Shukran nyote. Majibu ya vipimo:
Jani halina maziwa. Ni jani moja zima, linang'aa. Yako mawili mawili kwenye kifundo, si matatu. Halinuki ndimu.
Jua: saa 2 kivuli, saa 4 jua, saa 6 jua, saa 8 kivuli, saa 10 kivuli.
Sijaukata tangu ununuliwe.
Kuna ukoko mweupe kwenye matundu ya chini. Juu ya udongo hakuna.
Mizizi inatoka kwenye matundu.

#13 BabaMivinje
Basi ni sambac, lakini si Grand Duke. Yaweza kuwa ile ya tabaka mbili tatu, ambayo ndiyo nzuri zaidi kwa vikuba kwa sababu tumba ni refu na lashika uzi. Hiyo ni habari njema.

Ukoko usikuhukumie chumvi ya bahari moja kwa moja. Mombasa ukoko mweupe waweza kuwa chokaa tu. Chota kidogo, tia matone ya siki. Ukitoa mapovu ni chokaa. Usipotoa, ni chumvi. Siki hiyohiyo idondoshe kwenye udongo mkavu wa ndoo. Ukichemka, udongo wako una vipande vya matumbawe au kifusi cha ujenzi, na hapo tatizo lingine linafunguka.

#14 MwanaLikoni
Mizizi kutoka chini nayo ni hoja. Miaka mitatu ndani ya lita 20, mizizi imezunguka ukuta wa ndoo mara nyingi. Unapoukata juu, utoe pia kwenye ndoo, ukate robo ya mizizi ya pembeni na ya chini kwa kisu kikali, uirudishe na udongo mpya. Juu na chini vipunguzwe pamoja, ndipo mti hauchoki.

Wapo pia wanaosema asmini huchanua zaidi mizizi ikibanwa. Kubanwa kidogo, ndiyo. Kufungwa mpaka maji yanapita pembeni bila kulowesha katikati, hapana. Pima hivi: mwaga lita mbili haraka, zikitoka chini ndani ya sekunde chache, katikati ni pakavu.

#15 ShambaniVoi
Habari za usiku. Nauliza pembeni kidogo ya mada: nimeona picha za helebori, maua ya kijani, meupe na ya zambarau yanayoinamisha kichwa, na wanasema yanapenda kivuli na udongo wa chokaa. Ua wa Kibokoni wenye kivuli na chokaa, si ndiyo pake? Mbegu zinauzwa mtandaoni.

#16 BabaMivinje
Chokaa na kivuli ni kweli. Linalokosekana ni baridi, na hilo halina mbadala. Helleborus niger asili yake ni milima ya Alps, huchanua katikati ya majira ya baridi. Mbegu yake hutaka wiki sita hadi nane za unyevu na joto la nyuzi kama 20, kisha wiki nyingine sita hadi nane kwenye nyuzi 4 au 5, ndipo iote. Hiyo ya pili waweza kuifanya kwa friji. Lakini baada ya kuota, mmea wenyewe wahitaji miaka kama mitatu kabla ya ua la kwanza, na katika miaka yote hiyo hutaka usiku wa baridi kila mwaka. Kwetu hata Julai na Agosti, miezi yetu ya ubaridi, usiku hukaa karibu na nyuzi 20. Shina litaoza kwenye masika ya kwanza.

Tena mbegu za kwenye bahasha nyingi zimekauka. Za helebori hupoteza nguvu haraka zikikauka. Na mmea wote ni sumu, mzizi hata jani, na utomvu wake huwasha ngozi. Nyumba yenye watoto, hapana.

Ni kisa kilekile cha polyanthum niliyoitaja #4. Mimea hii haikosi mbolea kwetu, inakosa baridi. Kwa kivuli cha uani, kaladiamu na begonia zatosha, na zatupenda.

#17 ShambaniVoi
Ahsante, nimeelewa. Na asmini ya Bi_Rehani haingoji siku ziwe ndefu? Nilisoma kwamba urefu wa mchana ndio unaoamsha matumba.

#18 KijaniTudor
Mombasa iko digrii 4 tu kusini mwa ikweta. Tofauti ya mchana mrefu na mchana mfupi wa mwaka haifiki nusu saa. Maandishi hayo ni ya nchi za mbali. Kwetu kinachobadilika ni joto, mawingu na mvua. Juni na Julai mti hulala kwa mawingu na upepo wa kusi. Oktoba joto likipanda na vuli ikianza, huamka.

#19 Mama_Vikuba
Hapo kwenye kusi ongeza: darini upepo wa kusi hubeba chumvi ya bahari. Jani la upande wa bahari hukauka ukingo, la upande wa pili liko salama. Ukiona upande mmoja tu, usitupe maji ya kisima lawama. Suuza majani kwa maji matamu asubuhi, weka kizuizi cha makuti upande wa kusini.

#20 DaktariWaMajani, Changamwe
Hakuna aliyetaja wadudu wa matumba, na hii ndiyo sababu inayofichika kuliko zote. Bi_Rehani, una hakika matumba hayatoki? Au hutoka yakiwa kama punje ya mchele, yakaanguka kabla hujayaona?

Kuna usubi mdogo sana wa maua, Contarinia maculipennis. Hutaga ndani ya tumba likiwa changa. Funza weupe hula ndani, tumba huvimba chini, hugeuka zambarau, hukauka, huanguka. Kisha funza hujirusha, huingia udongoni, hutoka usubi mpya. Kwa nje mti ni mzima kabisa, majani safi, kama ulivyoeleza.

Wa pili ni kiwavi wa matumba, Hendecasis duplifascialis. Huyu huacha kitobo cha mviringo kwenye tumba na kinyesi cheusi, na huunganisha matumba kwa uzi wa hariri.

Tandika kitambaa cheupe chini ya mti siku tatu. Ukiokota vitumba, vipasue kwa wembe juu ya karatasi nyeusi.

Tiba: okota na uchome kila kilichoanguka, usikitie kwenye mboji. Funika udongo kwa karatasi nene au makuti ili funza asishuke. Nyunyiza mwarobaini jioni kila baada ya siku saba, mara tatu, kuanzia vitumba vinapoonekana kwa shida.

#21 FundiMiche
Mwarobaini upi, mafuta au majani? Wengi huchemsha majani, hufanya rangi tu.

#22 DaktariWaMajani
Mbegu, si majani, na zisichemshwe. Kokwa zilizomenywa na kukaushwa kivulini, gramu 50 zisagwe, ziloweke lita moja ya maji usiku kucha, zichujwe kwa kitambaa, tia matone machache ya sabuni ya maji, itumike siku hiyohiyo. Mafuta ya mwarobaini ya dukani: mililita 5 kwa lita, koroga na sabuni kwanza ndipo maji. Jua huiharibu dawa hii, kwa hiyo jioni, na nyuma ya majani pia.

Nasisitiza jambo moja. Asmini huvaliwa kichwani na hukaa kwenye mto wa kulalia usiku kucha. Msitie dawa zile zinazoingia ndani ya mmea wote zikatembea na utomvu, wala za kunyunyiza za shambani, kwenye mti wa vikuba. Ua lenyewe huwa na dawa na hakuna kuosha kunakoitoa. Acha siku tano kati ya mwarobaini na mchumo.

#23 KijaniTudor
Kwa mti unaopata jua saa 4 na saa 6 tu, usubi hana matumba ya kula. Mimi bado nasema kivuli.

#24 DaktariWaMajani
Kitambaa kitasema.

#25 BabaMivinje
Kabla hajabadilisha udongo, tahadhari mbili.

Udongo: mwekundu sehemu mbili, samadi ya ng'ombe iliyooza sehemu moja, mchanga wa mto sehemu moja. Mchanga wa ufuoni usiguse: una chumvi na vipande vya matumbawe, yaani chokaa. Makumbi ya nazi ni mazuri kushika maji, ila makumbi mengi ya pwani yamelowekwa baharini kwa ajili ya usumba. Yaloweke maji matamu siku tatu ukibadilisha kila siku, mpaka maji yakionjwa hayana chumvi.

Jivu la jikoni lisitiwe. Watu hulisifu kwa potasiamu, ni kweli inayo, lakini hupandisha pH, yaani hupunguza uchachu wa udongo, na kwetu pH tayari iko juu.

Udongo ukishakuwa wa chokaa, madini ya chuma yamo lakini mzizi hauyapati. Utaona majani *machanga* yakigeuka manjano huku mishipa ikibaki kijani. Manjano ikianzia majani ya *zamani*, hiyo ni naitrojeni au magnesiamu, si chuma.

#26 MwanaLikoni
Na dawa ya chuma? Salfeti ya chuma ardhini?

#27 BabaMivinje
Ardhini kwenye chokaa hufungwa kwa siku chache, ni hasara. Nyunyiza majani: gramu 5 za salfeti ya chuma kwa lita, jioni, mara mbili kwa wiki mbili. Huacha madoa kwenye sakafu na ukuta mweupe, funika. Ya kutia udongoni iwe chuma kilichofungwa kwa EDDHA, kisichonaswa na chokaa; cha EDTA hakifai pH ikipita 7. Kiberiti upele nacho watu hupendekeza kushusha pH. Kwa udongo mwekundu chafaa. Kwa matumbawe ni kama kumwaga kikombe baharini, chokaa humeza yote.

Waliotembea Haller Park hapa Bamburi wameona: ilikuwa machimbo ya saruji, matumbawe matupu. Ilipoanza kupandwa mwaka 1971 mivinje ndiyo iliyoshika, na jongoo wakazigeuza sindano zake kuwa udongo. Hawakuubadilisha mwamba. Walitengeneza udongo juu yake. Kwa asmini ya ardhini fanya vivyo hivyo: tuta la sentimita 40 juu ya matumbawe, usichimbe shimo ndani yake, kwa maana shimo la mwambani hugeuka bakuli la maji mwezi wa Mei.

#28 TamilMalindi
Nimepita hapa nimefurahi. India kusini, upande wa Madurai ambako asmini ni kilimo cha maelfu ya watu, hupogoa mwisho wa Novemba, hunyima maji kabla ya hapo mpaka majani yalegee, kisha hukata, hutia samadi na maji. Ile kiu ndiyo inayoamsha matumba. Bi_Rehani ajaribu siku kumi bila maji.

#29 Mama_Vikuba
Kiu ya shambani, mzizi ukiwa umeshuka chini, si kiu ya ndoo. Ndoo juani siku kumi bila maji, mti umekufa. Siku mbili tatu, jani likilegea adhuhuri na kuamka magharibi, yatosha. Na Novemba yao si Novemba yetu. Akikata Novemba, harusi imepita.

#30 TamilMalindi
Kweli kwa ndoo. Siku tatu basi, na maji ya chumvi yasitumike kuiamsha.

#31 KijaniTudor
Hesabu ya Desemba: wiki nane nyuma kutoka tarehe 15 ni tarehe 20 Oktoba.

#32 FundiMiche
Mapema zaidi. Ndoo ina urea, chipukizi la kwanza litakuwa la majani. Akate wiki ya mwisho ya Septemba, na vichipukizi vikifika jozi ya tano bila tumba, avikate ncha. Vya pili ndivyo vitakavyochanua.

#33 Mama_Vikuba
Asikate yote siku moja. Matawi matatu tarehe 1 Oktoba, matatu tarehe 20. Mchumo mmoja wa asmini ni siku chache tu. Akikata mafungu mawili, moja likikosea lingine litapata. Na mti mmoja wa ndoo ni konzi moja au mbili za matumba kwa jioni. Vya bi harusi vitatoka, vya wageni wote havitoki. Aongeze na mkadi na rehani.

Vile vijiti atakavyokata asivitupe. Vipande vya sentimita 12 hadi 15, visiwe vya kijani kibichi wala vigumu kama kuni, vifundo vitatu, kimoja kiingie mchangani. Kivulini, vifunikwe chupa ya plastiki iliyokatwa. Wiki nne hadi sita vina mizizi.

#34 Bi_Rehani
Mama yangu na nyote, Mungu awalipe. Habari mpya:
Ukoko wa chini umetoa mapovu ya siki. Udongo wa ndoo nao umechemka, kidogo.
TDS ya kisima: 870. Ya mfereji: 310, lakini yaja mara mbili kwa wiki.
Kitambaa siku tatu: vitumba vinne, vidogo kama punje ya mchele. Kimoja kina zambarau chini. Nilivipasua, viwili vitupu, kimoja kikavu, kimoja kina kitu cheupe chembamba, sikuweza kuona kama chasogea.
Lita mbili zilitoka chini kabla sijahesabu kumi.

#35 DaktariWaMajani
Hicho cheupe ndicho. Anza mwarobaini leo.

#36 KijaniTudor
Vitumba vinne kwa mti wa kimo cha mtu! Hata usubi asingekuwapo, ungepata maua manne. Ndoo ipande darini.

#37 ChumviNaMaji
870 na maji yanapita pembeni bila kulowesha katikati, hiyo chumvi haijasuuzwa kamwe. Weka pipa la maji ya mfereji kwa ajili ya mti huu peke yake. Lita tatu kila siku ya pili, kwa wiki ni kama lita 11, pipa dogo latosha.

#38 MwanaLikoni
Utoe kwenye ndoo kwanza. Mzizi haunywi, pipa halitasaidia kitu.

#39 Mama_Vikuba
Bi_Rehani, pipa jaza, mwarobaini loweka usiku huu, mkasi ufute. Ndoo panda nayo darini polepole kama alivyosema Tudor, jua la asubuhi kwanza. Jumamosi uutoe mti kwenye ndoo upunguze mizizi. Tarehe 1 ukate matatu, uniwekee vijiti sita vya aina hiyo, maana tabaka mbili zenye tumba refu zimeadimika huku kwetu.